Asidi ya chakula na kisukari: Ukweli, uzushi na sahani ya mgonjwa

KATIKA vijiji vingi vya Magharibi mwa Kenya, mama anayepika mboga za kienyeji huwa na kopo lililotobolewa matundu madogo chini na kujazwa jivu la maganda ya maharagwe au ya ndizi. Humimina maji juu ya jivu hilo, yakachujika polepole, na matone yanayodondoka, yenye rangi ya chai hafifu, ndiyo hutia chunguni ili mboga ilainike upesi na uchungu wake upungue. Waluhya huyaita maji hayo musherekha.

Maji ya jivu huteleza mkononi kama sabuni kwa sababu yana alkali, yaani kinyume cha asidi. Madini yanayoleta alkali hiyo hayakutoka motoni. Yalikuwa ndani ya mmea tangu awali, na moto uliteketeza tu vitu vingine vilivyoandamana nayo.

Mwili wa binadamu nao huteketeza chakula, japo bila ndimi za moto, na kila chakula huacha mabaki yake. Mabaki ya mboga na matunda mengi huelekea upande wa alkali. Mabaki ya nyama, samaki, mayai, jibini na nafaka nyingi huelekea upande wa asidi. Ni figo zinazobeba jukumu la kuiondoa asidi hiyo kupitia kwa mkojo, siku baada ya siku, katika maisha yote ya mtu.

Kwa miaka mingi sasa, watafiti wamekuwa wakijiuliza ikiwa mzigo huo wa asidi una uhusiano na ugonjwa wa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho huwapata zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wote wa kisukari. Jibu walilolipata si la mkato. Na kwa kuwa si la mkato, pengo lililobaki limejazwa na wauzaji wa maji ya alkali, poda na vitabu, wanaowaahidi wagonjwa kuwa wakiondoa asidi mwilini watapona na kutupa dawa zao.

Ahadi hiyo ni ya hatari. Hata hivyo, haimaanishi kuwa suala lenyewe ni la kupuuzwa. Mgonjwa anayelielewa vyema anaweza kupanga mlo wake kwa busara zaidi, ilhali anayelielewa nusunusu anaweza kujidhuru.

Idadi ya wanaohusika si ndogo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linakadiria kuwa watu wazima milioni 589 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu duniani mwaka 2024. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulibainisha kuwa chini ya nusu ya waliopatikana na kisukari walikuwa wakijua hali yao. Uchunguzi uo huo ulionyesha kuwa asilimia 94 ya watu wazima hawakuwa wakila mboga na matunda kwa kiasi kinachopendekezwa kila siku.

Hesabu ya jivu

Wazo la kupima chakula kwa mabaki yake ni la zamani. Mwaka 1912, Henry Sherman na Alexander Gettler wa Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, walichapisha hesabu za madini yanayoleta asidi na yanayoleta alkali katika vyakula mbalimbali. Salfa, fosforasi na klorini ziliwekwa upande wa asidi. Potasiamu, magnesiamu, kalsiamu na sodiamu zikawekwa upande wa alkali.

Salfa hupatikana ndani ya protini, hasa ile ya wanyama. Mwili unapoivunja protini hiyo ili kuitumia, salfa hugeuka na kuwa asidi ya salfa, kwa kiasi kidogo lakini cha kila siku. Kwa upande mwingine, potasiamu katika mboga na matunda huandamana na chumvi za asidi hafifu, kama ile ya ndimu. Mwili huzichoma chumvi hizo na kubakia na bikaboneti, ambayo ni alkali.

Hii ndiyo sababu ndimu, ambayo humfanya mtu afumbe macho kwa ukali wake, huhesabiwa miongoni mwa vyakula vya alkali. Ukali wa ulimini hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni kile kinachobaki baada ya mwili kumaliza kazi yake. Vivyo hivyo, nyama haina ukali wowote mdomoni, lakini mabaki yake ni asidi.

Hesabu za kale zilikuwa na kasoro moja kubwa: tumbo si tanuri. Si madini yote yaliyo katika chakula yanayofyonzwa na utumbo. Mwaka 1995, watafiti wawili wa Ujerumani, Thomas Remer na Friedrich Manz, walichapisha njia ya kukadiria asidi ambayo kila chakula kinatarajiwa kuzipelekea figo, wakizingatia kiwango cha ufyonzaji wa kila madini. Kipimo chao kinatumika hadi leo.

Katika jedwali lao, nambari ikiwa juu ya sufuri, chakula huongeza asidi. Ikiwa chini ya sufuri, hupunguza. Kwa kila gramu 100, jibini la cheddar lina alama zipatazo 26 za asidi. Mchele wa kahawia ambao haujapikwa una zaidi ya 12. Kuku ana karibu 9, nao nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, mayai na njugu karanga huwa na takribani 8. Mkate mweupe una karibu 4, kamande kavu 3.5, na maziwa hayafikii hata 1.

Upande wa pili, spinachi ina alama 14 chini ya sufuri. Ndizi mbivu ina zaidi ya 5, karoti karibu 5, viazi 4, na nyanya, maembe na machungwa huwa na takribani 3, zote chini ya sufuri. Zabibu kavu ndizo zinazoongoza, kwa alama 21.

Msomaji makini atakuwa ameona tayari kwamba orodha hiyo ina mtego kwa mwenye kisukari. Kabla ya kuufikia mtego huo, ni vyema kueleza ni vipi asidi inaweza kuhusiana na sukari.

Damu haigeuki kuwa siki

Damu ya mtu mwenye afya huwa na alkali kidogo. Kipimo chake cha pH huwa kati ya 7.35 na 7.45, na mwili huulinda mpaka huo kwa nguvu zake zote. Bikaboneti iliyomo damuni huizima asidi pindi inapojitokeza, mapafu huondoa hewa ya kaboni, nazo figo hutoa asidi iliyosalia na kutengeneza bikaboneti mpya. Kwa hivyo, hakuna sahani ya nyama inayoweza kuigeuza damu ya mtu mzima wa afya ikawa asidi. Anayedai hivyo anapotosha.

Madai ya watafiti ni ya tahadhari zaidi. Wanasema kuwa mzigo mkubwa wa asidi ukiendelea kwa miaka, mwili hulazimika kujitahidi zaidi ili kuudumisha mpaka huo. Bikaboneti hupungua kidogo ingawa inabaki katika kiwango cha kawaida, na figo hutengeneza amonia nyingi ili kuisafirisha asidi hadi kwenye mkojo.

Yumkini hali hiyo huathiri utendakazi wa insulini. Insulini ni homoni inayotolewa na kongosho, nayo hufanya kazi kama ufunguo unaofungua seli ili sukari itoke damuni na kuingia ndani. Katika kisukari cha aina ya pili, ufunguo upo lakini kufuli imekuwa ngumu. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, mpaka inapochoka.

Mwaka 1979, Ralph DeFronzo na mwenzake Allan Beckles walichapisha matokeo ya jaribio ambapo watu wenye afya njema walipewa kemikali ya kuongeza asidi mwilini kwa siku chache. Uwezo wa miili yao kutumia insulini ulipungua. Jaribio hilo lilionyesha kuwa asidi inaweza kuikaza kufuli hiyo. Hata hivyo, kiasi cha asidi walichopewa kilikuwa kikubwa kuliko kile kinachotokana na chakula cha kawaida, na hapo ndipo mjadala ulipoanzia.

Ni muhimu pia kutochanganya suala hili na hali ya dharura ambayo huwapata baadhi ya wagonjwa wa kisukari pale insulini inapopungua mno mwilini. Wakati huo mwili huanza kuchoma mafuta kwa kasi na kuzalisha asidi nyingi ajabu, hadi damu yenyewe ikabadilika. Dalili zake ni kutapika, maumivu ya tumbo, kiu kali, kupumua kwa nguvu na kwa kasi, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na kuchanganyikiwa. Hali hiyo haitibiwi kwa mboga wala kwa ndimu. Mgonjwa akimbizwe hospitalini mara moja, maana ucheleweshaji unaweza kumuua.

Tafiti zasema nini?

Utafiti uliowasha taa juu ya suala hili ulichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Diabetologia. Watafiti wa Ufaransa waliwafuatilia wanawake 66,485 kwa miaka 14, na katika kipindi hicho 1,372 kati yao walipata kisukari. Wale ambao chakula chao kilikuwa na mzigo mkubwa zaidi wa asidi walikuwa na hatari ya asilimia 56 zaidi ya kuugua, wakilinganishwa na wale waliokuwa na mzigo mdogo zaidi. Ajabu ni kwamba uhusiano huo ulionekana kwa nguvu zaidi miongoni mwa wanawake wasio wanene.

Mwaka 2017, jarida hilo hilo lilichapisha uchanganuzi wa makundi matatu makubwa ya wahudumu wa afya nchini Marekani, yaliyojumuisha zaidi ya watu 187,000. Tofauti iliyopatikana kati ya waliokuwa na mzigo mkubwa kabisa na wale wa mzigo mdogo kabisa ilikuwa asilimia 29.

Lakini si kila uchunguzi uliopata uhusiano huo. Mwaka huo huo wa 2014, matokeo ya uchunguzi wa wazee wanaume 911 wa Uppsala, nchini Uswidi, waliofuatiliwa kwa muda wa hadi miaka 18, hayakuonyesha kuwa asidi ya chakula iliongeza hatari ya kisukari.

Zaidi ya hayo, tafiti za aina hii huwatazama watu wakiishi maisha yao. Hazimlazimishi yeyote kula hiki au kile. Mtu anayekula mboga kwa wingi mara nyingi pia hufanya mazoezi, havuti sigara, na huwa anakula nyuzinyuzi nyingi na nyama chache za kusindika. Watafiti hujaribu kuyatenga mambo hayo kwa hesabu, lakini hawawezi kuyatenga yote. Si rahisi kusema kwa yakini kuwa ni asidi iliyopungua ndiyo iliyomkinga, au ni mboga zenyewe kwa ujumla wake.

Kwa hivyo, kauli inayoweza kutolewa kwa haki ni hii: mlo wenye mzigo mkubwa wa asidi huandamana na hatari kubwa zaidi ya kisukari katika baadhi ya tafiti kubwa, kuna sababu za kibayolojia za kuamini kuwa asidi yenyewe inachangia, lakini ushahidi kwamba kuipunguza kunatibu kisukari haupo.

Kwa aliyekwisha kuugua

Kwa mtu ambaye tayari ana kisukari, kuna jambo jingine lililo bayana zaidi. Mkojo wa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili huwa na asidi zaidi kuliko wa watu wengine, kwa kuwa figo zao hazitengenezi amonia ya kutosha kuizima asidi hiyo. Mkojo wa namna hiyo huruhusu asidi ya yuriki kuganda na kuwa mawe. Ndiyo maana mawe ya figo ya aina hiyo huwapata wagonjwa wa kisukari mara nyingi zaidi. Maumivu yake ni makali.

Aidha, kisukari ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kushindwa kwa figo. Takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu hupatwa na udhaifu wa figo wa kiasi fulani. Figo zinapodhoofika, uwezo wake wa kutoa asidi hupungua, na asidi inayorundikana nayo huweza kuzidisha udhaifu huo. Hapa ndipo asidi ya chakula huwa na uzito wa kweli.

Mwaka 2013, kundi la watafiti katika jimbo la Texas, Marekani, wakiwemo Nimrit Goraya na Donald Wesson, lilichapisha matokeo ya jaribio la mwaka mmoja la wagonjwa 71 waliokuwa na udhaifu mkubwa wa figo uliotokana na shinikizo la damu. Baadhi walipewa vidonge vya bikaboneti, na wengine wakapewa matunda na mboga za kutosha kupunguza asidi. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya asidi iliyokuwa imezidi mwilini.

Habari hiyo njema ina masharti yake. Wagonjwa hao hawakuwa na kisukari, na waliteuliwa kwa uangalifu ili wasiwemo wale walio katika hatari ya kupata potasiamu nyingi damuni. Sharti hilo la pili ndilo kiini cha onyo linalofuata.

Mtego wa orodha

Tuseme mgonjwa anapewa orodha ya Remer na Manz bila maelezo yoyote. Akiifuata kama ilivyo, atakula zabibu kavu kwa mkupuo kwa kuwa zina alama 21 chini ya sufuri, na kuziepuka kamande kwa kuwa ziko juu ya sufuri. Atakuwa amekosea mara mbili. Zabibu kavu ni sukari iliyokolezwa. Kamande, maharagwe, ndengu na kunde ni miongoni mwa vyakula bora kwake, kwa sababu wanga wake humeng'enywa polepole na zina nyuzinyuzi nyingi.

Viazi navyo vina alkali, lakini sahani iliyojaa viazi vilivyopondwa hupandisha sukari upesi. Mchele wa kahawia una asidi zaidi ya ule mweupe, ilhali mweupe ndio unaopandisha sukari haraka zaidi. Maji ya machungwa yana alkali, lakini bilauri moja ina sukari ya machungwa kadhaa bila nyuzinyuzi zake.

Hivyo basi, kipimo cha asidi hakiwezi kusimama peke yake. Mgonjwa wa kisukari anastahili kuuliza maswali matatu kuhusu kila chakula, na kwa utaratibu huu. La kwanza: kitaifanya nini sukari yangu? La pili: figo zangu zinaweza kukimudu? La tatu ndilo hili la asidi. Anayelitanguliza swali la tatu huwa amelitanguliza gari mbele ya punda.

Figo zikiwa dhaifu

Swali la pili halijibiwi kwa kukisia. Figo zenye afya huondoa potasiamu inayozidi. Zikidhoofika, potasiamu hujikusanya damuni, na ikizidi huweza kuuvuruga mpigo wa moyo na hata kuusimamisha ghafla. Vyakula vinavyosifiwa kwa kupunguza asidi, kama vile ndizi, spinachi, nyanya, viazi na parachichi, ndivyo hivyo vilivyo na potasiamu nyingi.

Baadhi ya dawa ambazo wagonjwa wa kisukari hupewa kwa ajili ya shinikizo la damu na kulinda figo, kama vile enalapril na losartan, pia huifanya potasiamu isalie mwilini. Chumvi mbadala zinazouzwa kama zisizo na sodiamu nyingi mara nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Mgonjwa anayetumia dawa hizo, akaongeza chumvi hiyo, kisha akaanza kunywa maji ya mboga mbichi kila asubuhi, anaweza kujipata taabani bila kujua chanzo.

Kwa sababu hiyo, madaktari hupendekeza kuwa kila mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe figo tangu siku anapogunduliwa kuugua, na angalau mara moja kila mwaka baada ya hapo. Vipimo ni viwili: cha damu, kuonyesha kasi ya figo kusafisha, na cha mkojo, kuonyesha ikiwa protini inavuja. Mwenye majibu mazuri hana sababu ya kuogopa mboga na matunda. Mwenye majibu mabaya anahitaji mtaalamu wa lishe ampangie.

Magadi na maji ya alkali

Kuna wanaofikiri kuwa njia ya mkato ni kula alkali yenyewe. Nchini Kenya alkali iko karibu: magadi kutoka Ziwa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado, hutumiwa na wengi kulainisha maharagwe, githeri na mboga. Ni kweli kwamba magadi huizima asidi. Lakini yana sodiamu nyingi, na wagonjwa wengi wa kisukari pia wana shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, na sodiamu ya magadi huongezea ile ya chumvi. Isitoshe, magadi huharibu baadhi ya vitamini za mboga.

Vidonge vya bikaboneti huandikiwa baadhi ya wagonjwa wa figo, lakini kwa kipimo, na chini ya uangalizi wa daktari. Kujinunulia poda ya kuokea na kuikoroga kwenye maji si tiba ya kisukari.

Kuhusu maji ya alkali yanayouzwa kwa bei ghali, ikumbukwe kuwa yakishaingia tumboni hukutana na asidi kali ya tumbo yenyewe, inayoyazima papo hapo. Maji safi ya kawaida yanatosha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kisa cha Robert O. Young, raia wa Marekani, ni funzo tosha. Aliandika vitabu vilivyouzwa sana akidai kuwa asidi ndiyo chanzo cha maradhi yote, kikiwemo kimoja cha mwaka 2004 kuhusu kisukari cha aina ya kwanza na ya pili. Mwaka 2016, mahakama ya California ilimpata na hatia ya kutibu watu bila leseni, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo. Mwaka 2018, baraza la mahakama liliamuru alipe dola milioni 105 kwa mwanamke mmoja aliyekuwa na saratani, ambaye alikuwa ameacha matibabu ya kawaida akimtegemea yeye.

Sahani ya kila siku

Jambo la kutia moyo ni kwamba kwa mgonjwa ambaye figo zake ni nzima, ushauri wa kupunguza asidi na ule wa kudhibiti sukari hukutana kwenye sahani moja. Njia rahisi ambayo wahudumu wa afya hutumia ni kuigawa sahani: nusu yake iwe mboga zisizo na wanga mwingi, robo iwe protini, na robo iliyobaki iwe wanga.

Katika nyumba nyingi nchini, sahani huwa kinyume. Ugali huchukua nusu au zaidi, na sukumawiki huwekwa pembeni kama kitoweo tu. Kuigeuza hakuhitaji pesa nyingi wala chakula cha kigeni. Ugali upungue, nayo sukumawiki, managu, terere, saga, kunde au kabichi iongezwe maradufu. Wanga unapopungua, sukari hushuka. Mboga zinapoongezeka, asidi hushuka. Hatua moja, faida mbili.

Githeri nayo huweza kurekebishwa kwa kuongeza maharagwe na kupunguza mahindi, na kutiwa karoti na mboga za majani. Nyama choma si haramu, lakini kipande cha ukubwa wa kiganja, pamoja na kachumbari nyingi, kinatosha kuliko kilo nzima ikiandamana na ugali na soda. Siku mbili au tatu kwa wiki, ndengu au maharagwe yanaweza kuchukua nafasi ya nyama. Tunda liliwe zima badala ya kukamuliwa, na moja kwa wakati mmoja.

Kiamshakinywa cha mkate mweupe na chai ya sukari hakina budi kuachwa. Chai bila sukari, yai moja, kipande kidogo cha nduma au kiazi kitamu na vipande vya nyanya au parachichi ni bora zaidi kwa pande zote mbili.

Haya yote hayachukui nafasi ya dawa. Anayetumia metformin, insulini au dawa nyingine aendelee nazo. Mlo unapobadilika, hasa wanga unapopunguzwa, sukari inaweza kushuka mno kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, hivyo kipimo cha dawa kinaweza kuhitaji kurekebishwa. Kazi hiyo ni ya daktari.

Kuhusu yule mama wa kopo la jivu, hana haja ya kuitupa desturi yake. Mboga anazozipika ndizo hasa ambazo sahani ya mwenye kisukari inazikosa. Lakini ikiwa kuna mtu nyumbani mwake aliyeambiwa kuwa figo zake zimedhoofika, ni vyema ajue kuwa alkali ya musherekha hutokana na potasiamu. Mboga ya mtu huyo ichemshwe kwa maji matupu yaliyo mengi, kisha maji hayo yamwagwe, huku akisubiri ushauri wa mtaalamu wa lishe. Wengine wa nyumba hiyo wanaweza kuendelea kula kama walivyozoea.